Mkono Anaoujua

Kulisha kulikuwa na adabu zake, na katika nyumba ile adabu hizo alizijua mtu mmoja tu.

Kwanza Mama Kinda alimweka mtoto katika kiti alichoundiwa na baba yake, kiti cha sponji ngumu iliyochongwa kuufuata mgongo uliopinda, akamfunga mkanda kifuani asiporomoke. Kisha akamwinamisha kichwa, kwa sababu mwenye koo dhaifu akila hali uso umeelekea juu, chakula hupotea njia kikaingia kwenye pumzi. Kidole cha kati kikakaa chini ya kidevu, kidole gumba kikashika pembe ya mdomo, na kijiko kikaingia kwa ubavu, kimejaa nusu, kikaulemea ulimi na kutoka. Baada ya hapo ilikuwa kungoja, na kungoja huko ndiko kulikowashinda wengi. Koo lilipanda, likasita kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, kisha likashuka. Hapo ndipo mtoto alipoufumbua mdomo tena, wazi kabisa, shingo imenyooka, mithili ya kinda la ndege lililosikia mabawa ya mamaye. Kwa ajili hiyo wakamwita Kinda, na jina alilochaguliwa na babu yake likabaki kwenye karatasi za zahanati.

Kinda alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja. Hakutembea, hakusema, na mikono yake ilijikunja kifuani kama ya mtu aliyeshikwa na baridi. Mwenyezi Mungu alimnyima mengi akamwachia ulimi: hakunena nao, lakini aliionja nao dunia. Ndizi mbivu iliyopondwa ikimgusa, macho yalimcheka, akatoa sauti nyembamba ya furaha iliyosikika hadi karakana ya nyuma, alikokuwa baba yake akivisha makochi ya watu vitambaa. Fundi alikuwa akiacha nyundo na kusikiliza. "Binti yangu anakula," alisema, hata kama hapakuwa na wa kumwambia.

Mama Kinda alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa cha pasi, matenga ya nguo na sufuria la wanga, na mikono yake ilinukia wanga mchana kutwa. Aliyapitia ya kupitiwa. Ndugu wa mume walisema kazaa gogo. Majirani waliwavuta watoto wao kando, kana kwamba kilema huambukiza kama tongo la macho. Alistahimili, akajifunza kijiko kwa kijiko, na miaka ikageuka. Ikafika siku mwalimu wa darsa ya wanawake, mama mwenye sauti ya upole ambaye neno lake halikuanguka chini, akasema mbele ya kina mama wote: "Mkitaka kuiona subira imevaa nguo, nendeni mkamtazame Mama Kinda akimlisha mwanawe."

Nao wakaenda. Walikaa mkekani wakati wa adhuhuri, wakatazama, wakajifuta machozi.

"Hebu nijaribu mimi, shoga," alisema siku moja jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mwenye moyo mwepesi na mkono mzito. Alijaribu, mtoto akapaliwa.

"Msijisumbue," alisema Mama Kinda, akikipokea kijiko bila haraka. "Huyu hali ila kwa mkono anaoujua."

Sentensi ile ilimkaa kinywani tamu. Mchovya asali hachovyi mara moja. Pole pole akaanza kukichelewesha chakula cha mchana hadi mgeni apige hodi, na siku asipotokea mgeni, Kinda alikaa na njaa yake akiutazama mlango, naye mama akiutazama. Wanavyuoni wametuonya kwamba riya, kutenda jema ili uonekane, hutambaa moyoni kimya kuliko sisimizi mweusi juu ya jiwe jeusi usiku wa kiza. Mama Kinda alilisikia onyo lile darsani, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akawafikiria wanawake wengine.

Ndipo wifi yake alipokuja.

Alirudi kwa kaka yake na sanduku moja na mdomo mmoja, na kati ya viwili hivyo mdomo ndio uliokuwa mzito. Alikuwa msusi. Aliwasuka wateja wake barazani, vidole vikienda na ulimi ukienda, na kicheko chake kikatangulia hadi njia panda.

"Umeachwa kwa nini, mwenzetu?" waliuliza wateja.

"Yule bwana alitaka mke bubu. Nikamwambia, baba, hilo ungemwomba Muumba mapema, sasa nimeshaiva."

Kisha akamgeukia Kinda, aliyekuwa amewekwa karibu apunge upepo. "Sisi wawili tunakamilishana, mwanangu. Wewe husemi, mimi sinyamazi. Tukigawana, nyumba itapata watu wawili wa kawaida."

Kinda alicheka hadi mkanda ukamkaza. Mama, akiwa kwenye pasi, alikisikia kicheko hicho, akapitisha pasi mahali palepale mara ya pili.

Siku moja alipeleka nguo za bwana harusi mtaa wa mbali, akacheleweshwa na mwenyewe aliyetaka kuzijaribu kwanza. Alirudi karibu mbio, akijua mtoto hajala, na moyoni, pamoja na wasiwasi, mlikuwa na fahari: nyumba nzima imekaa inamngojea yeye. Alipoingia aliona bakuli tupu. Wifi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, kidole chini ya kidevu, kijiko kwa ubavu, naye Kinda amefumbua mdomo, shingo imenyooka, anadai kilichokwisha.

"Karibu, wifi," alisema yule msusi. "Kumbe siri yenyewe ni kungoja tu? Mimi nimemngoja mwanamume miaka arudi nyumbani, nitashindwa kungoja koo?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la sponji nyweleni, uso umemng'aa. "Umeona? Kumbe anakula kwa yeyote. Miaka yote umejifunga kamba bure, mke wangu. Sasa utapumzika."

Aliyasema kwa mapenzi, kama amtuaye mtu mzigo kichwani, na hakujua kwamba mzigo ule ndio uliokuwa kilemba. Mama Kinda alitabasamu, akashukuru, akaenda nyuma kuosha bakuli lililokwisha kuoshwa. Kwa yeyote. Alilisugua bakuli na neno lile likamsugua.

Katika kabati la wanga alikuwa na bonge la shubiri kavu, alilonunua kwa muuza dawa za miti kwa ajili ya tumbo. Alikumbuka jinsi mama yake alivyomwachisha ziwa mdogo wake: alipaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akaja mbio kwa mapenzi, akaonja, akaondoka analia, na baada ya siku chache hakulitaka ziwa hata likiwa safi. Hakupigwa, hakukemewa. Alifundishwa tu kwamba pale alipopapenda ndipo penye uchungu.

Aliichemsha shubiri, akaloweka ndani yake kijiko chekundu cha plastiki, akakianika, akakiloweka tena.

"Wifi," alisema, "ukimlisha tumia hiki. Changu kimezoea meno yake."

Tangu hapo kila alipotoka na tenga la nguo alikiacha kile kijiko chekundu juu ya bakuli la uji. Msusi alipima joto la uji juu ya kifundo cha mkono, akamwinamisha mtoto, akaingiza kijiko kwa ubavu. Kinda alikunja uso. Akatema. Kijiko cha pili alikipokea kwa shaka, kwa kuwa alimpenda shangazi yake, akatema tena, machozi yakimtoka. Siku zilivyokwenda akaanza kufumba mdomo kabla kijiko hakijafika, kisha kabla shangazi hajapiga magoti. Mwishowe alijikunja aliposikia sauti yake tu ukumbini, na kile kicheko cha barazani kikafa.

"Kuna kitu, wifi," alisema msusi. "Kijiko hiki kinanuka."

"Nyumba ya dobi hii. Kila kitu kinanuka sabuni."

"Uji nimeuonja sufuriani, mtamu. Sasa mbona?"

Mama Kinda alijibu mbele ya jirani wa ukuta mmoja, aliyekuja kuomba kiberiti, na alijibu kwa upole, kwa kuwa maneno makali hukwaruza ngozi tu, bali ya upole huingia hadi mfupani. "Mkono una nia yake, wifi. Sisi watu wazima tunadanganyika. Mtoto kama huyu hadanganyiki."

Jirani aliguna kwa kuelewa. Hadi jioni mtaa ulikuwa umeambiwa kwamba yule aliyeachika ana mkono mbaya, na wateja wawili wakatafuta msusi mwingine.

Msusi alimwendea kaka yake karakana. Mama Kinda, akianika mashuka upande wa pili wa ukuta, alisikia yote.

"Kaka, usinielewe vibaya. Nadhani kuna kitu kinawekwa kwenye chombo cha mtoto."

"Na nani?"

Ikasikika nyundo ikitupwa mezani.

"Nakuuliza, na nani? Humu mna mimi, wewe, na mwanamke ambaye hajalala usingizi wa kushiba tangu binti yangu azaliwe. Umeachika kwa ajili ya huo ulimi. Umekuja kuachanisha na wengine?"

"Basi, kaka. Yaishe."

"Yaishe, na usimguse tena mtoto."

Fundi mwenyewe alijaribu mara moja, siku ya mapumziko, kwa kijiko chekundu kilichokuwa karibu. Kinda alimtemea kifuani. Aliinuka, akajifuta, akamwambia mkewe kwa unyonge, "Kweli wewe ndiye uliyeandikiwa." Kwa neno lile Mama Kinda alihisi kitu kama huruma kikiingia moyoni, akakifukuza kama mtu afukuzavyo kuku jikoni.

Hakuacha swala hata moja katika siku zile. Ila kila alipoinua mikono kuomba dua, viganja vilikaribia pua, na chini ya harufu ya wanga palikuwa na harufu nyingine. Akajifunza kuomba mikono ikiwa chini.

Maradhi hayapigi hodi. Tumbo lililokuwa likimuuma kwa siku kadhaa, naye akilinyamazisha kwa shubiri ileile, lilimwangusha juu ya meza ya pasi. Daktari alisema ni kidole tumbo, kimepasuka, usaha umetapakaa. Walimpasua jioni ileile. Alipozinduka aliambiwa kwamba atakaa wodini hadi kidonda kisafike, na kwamba watoto hawaruhusiwi kuingia huko.

Wifi yake alikuja saa ya kuwaona wagonjwa, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, mdomo haufanyi mzaha.

"Anakulaje?" aliuliza Mama Kinda.

"Hali. Kaka kaniruhusu tena nimlishe, lakini mtoto anafumba. Anakunywa maji kidogo ya kumdondoshea kwa pamba. Wifi, najua hatukuelewana, nisamehe kama nilikukosea. Nifundishe. Nakosea wapi?"

Hapo mlango ulifunguka mbele ya Mama Kinda, mpana, wenye mwanga, na ilikuwa ni kuvuka tu. Neno moja lingetosha. Lakini kina mama wa darsa walikuwa wamekizunguka kitanda, na jirani wa ukuta mmoja alikuwa akiwasimulia wagonjwa wa jirani: "Binti yake hali kwa mwingine, jamani. Anamlilia mama. Huo ndio umama, si huu wetu wa kuazimana." Mgonjwa wa kitanda cha pili, asiyemjua kabisa, alimtazama kwa heshima.

"Kidole," alisema Mama Kinda. "Kikae chini ya kidevu. Labda unakibana sana."

"Sikibani."

"Basi mngoje zaidi."

Alijua kwamba kidole hakina kosa. Usiku alijiambia: kesho nitatoka. Daktari alipokuja alisema bado. Wifi alirudi, akasema mbavu za Kinda zinahesabika. Alirudi tena, akasema halii tena akiona bakuli, anageuza uso ukutani. Kila mara Mama Kinda alisahihisha kitu kisichokuwa kosa: joto la uji, pembe ya kichwa, upande wa kijiko. Kila mara yule msusi alisikiliza kwa makini kama mwanafunzi, akaenda kufanya alivyoambiwa, na mtoto akazidi kukauka.

Siku mgonjwa wa kitanda cha pili alipofariki na shuka kuvutwa hadi juu ya uso, hofu ya Mungu ilimwingia, nayo ikamtoa nusu ya neno.

"Wifi. Kile kijiko chekundu kitupe. Tumia changu, kimo kwenye kopo la wanga."

"Cha kwako nimeshakitumia. Kwa nini nikitupe hicho?"

"Kina ufa. Kitamkata."

Msusi alimtazama kwa muda mrefu, jinsi atazamavyo kichwa cha mteja kabla ya kupasua njia ya kwanza. Kisha akaondoka bila kuaga.

Nusu ya kweli ni kamba iliyokatwa, haimfikii aliye kisimani. Mchana uleule, msusi akiwa angali njiani, fundi alikuwa peke yake na bintiye. Alimwona amefumba macho, midomo imepasuka kwa ukavu, akasikia ndani yake kile kiherehere cha mwanamume aliyezoea vitu vinavyotii nyundo. Alimlaza mgongoni. Alimbana pua kwa vidole vya kazi, mdomo ukafunguka kutafuta hewa, akamimina maziwa. Alimimina huku akilia na kumwambia, "Meza, mama, meza, nakuomba." Maziwa yalikwenda kusikokwenda maziwa.

Wodi ya watoto ilikuwa ng'ambo ya ua. Muuguzi alimsukuma Mama Kinda hadi huko kwa kiti cha magurudumu, kidonda kikimvuta tumboni kila penye tuta. Kinda alikuwa na hewa ya mtungi usoni na mpira mwembamba umeingia puani, umebandikwa shavuni kwa plasta. Alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha. Fundi alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango, mikono ameiweka mbali na mwili wake kama vitu vya kuazima.

"Mapafu yamejaa," alisema daktari wa watoto, mwanamke asiyependa kuzungusha. "Tukiweza kumtoa hapa, tutajaribu kumrudisha kwenye kula. Asipokula, mpira utabaki."

Kinda alitoka hapo, kwa kudra ya Mola. Homa ilishuka, mtungi ukaondolewa, na siku ikaja muuguzi akaleta ndizi iliyopondwa katika bakuli. Mama Kinda alipewa kijiko safi cha hospitali. Mikono yake haikunukia wanga, ilinukia dawa na kitanda cha ugonjwa. Akakiinamisha kichwa cha mtoto, akaweka kidole chini ya kidevu.

"Kinda. Ni mimi. Ni mama."

Kinda alimtazama. Kijiko kilipofika alifumba mdomo hadi midomo ikapoteza rangi, akageuza shingo ile dhaifu kwa nguvu zote alizopewa, akautazama ukuta. Mama alijaribu upande wa pili. Alijaribu kugusisha utamu kwenye pembe ya mdomo. Mtoto alitetemeka mwili mzima, bila sauti, kama kifaranga kilichofunikwa na kivuli cha mwewe. Dunia yote ilikuwa imekwisha kumfundisha somo moja, nalo lilianzia kwenye kabati la wanga.

"Mwache, mama," alisema muuguzi. "Utamtesa."

Msusi alimngojea ukumbini, penye benchi refu na harufu ya dawa ya kupigia deki. Alikuwa ametulia kupita kawaida yake.

"Niliweka kile kijiko ulimini," alisema. "Wewe ulikuwa umeniambia nikitupe, nikasema ngoja kwanza. Kilikuwa kichungu hadi sikioni, wifi. Plastiki imekunywa ikashiba."

Mama Kinda alishika ukuta.

"Nilijiuliza njia nzima, nilimkosea nini huyu? Kumbe kosa langu ni kwamba alikula."

"Shetani, wifi."

"Mwache Shetani. Shetani hana jiko." Msusi alishusha sauti, kwa sababu watu walikuwa wakipita. "Sikiliza. Mimi sitasema. Nikisema mimi, ni fitina ya wifi aliyeachika, nimeshawahi kusema nikafukuzwa kama mbwa msikitini. Lakini kaka yangu haingii karakana. Haligusi sinia la chakula, anasema mikono yake inaua. Anajua alimbana pua, hajui kwa nini mtoto alifumba. Mwambie wewe. Ukisema wewe, ni kweli."

"Ataniacha."

"Huenda. Na mimi niliachwa, mbona napumua."

"Nipe muda."

"Chukua. Yeye ndiye asiyekuwa nao."

Walirudi nyumbani mama na mwana siku moja. Mpira ulikuja nao. Muuguzi aliwaonyesha kazi yake: bomba la sindano lisilo na sindano huchomekwa kwenye ncha ya mpira, huinuliwa juu kidogo, maziwa ya unga maalumu humiminwa, nayo hushuka yenyewe tumboni. Hakuna kidevu, hakuna pembe ya mdomo, hakuna kungoja koo. Maziwa yale hayakuwa na utamu wala uchungu, kwa kuwa hayakupita ulimini. Msusi aliweza mara ya kwanza. Mpira ule haukuchagua mkono, wala Kinda hakuwa na njia ya kuukataa. Alilala akitazama dari wakati tumbo lake likijazwa, na sauti ile nyembamba iliyokuwa ikifika karakana haikusikika tena katika nyumba ile.

Siku zikapita, na Mama Kinda hakusema. Asubuhi alisema atasema jioni. Jioni mume alikuwa amechoka. Msusi hakumkumbusha. Alimtazama tu, kila walipokutana mlangoni.

Baada ya swala ya alasiri, siku ya darsa, kina mama walikuja kumpa pole, mwalimu akiwa mbele yao. Walijaa chumba cha pasi, wakaketi kati ya matenga. Walimwona Mama Kinda amekonda, mkono juu ya kidonda, mtoto ubavuni na mpira wake puani, na sifa zikaanza kama mvua iliyokuwa ikingoja wingu. Wapo waliosema kwamba majaribu huwafuata wapenzi wa Mungu. Jirani wa ukuta mmoja alisema kwamba yeye alijua tangu zamani, mtoto huyu na mama yake ni roho moja, ukiwatenganisha wote wawili hufa.

Msusi alikuwa akipitisha chai. Hakumwaga hata tone.

Ndipo fundi alipoingia. Hakuwa na desturi ya kuingia penye wanawake; alisimama kizingitini, kofia mkononi, macho chini.

"Mwalimu, nisameheni kwa kuwakatiza. Nina neno, nataka mlishuhudie." Alikohoa. "Mtoto huyu alikuwa akila. Mimi ndiye niliyemharibu. Mama yake alikuwa kitandani, nikakosa subira, nikamlisha kwa nguvu. Yeye hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniua. Angenitukana ningelala. Nataka aniambie mbele yenu kama amenisamehe au hakunisamehe."

Baadhi ya wanawake walikuwa wakilia. Mwalimu wa darsa alimgeukia Mama Kinda kwa ile sauti yake ya upole.

"Binti yangu, umesikia. Mwenye haki ni wewe. Sema lililo moyoni mwako, Mungu anasikia."

Mama Kinda aliinua macho. Mlangoni aliona mume ambaye mikono yake ilikuwa imening'inia kama si yake. Nyuma yake, sinia mkononi, aliona wifi, amesimama tuli, midomo imefunguka kidogo kama mtu anayemngojea mwenzake avuke mto. Pande zote aliona nyuso za wanawake zikimwelekea, zimelowa, tayari. Lile neno lilipanda hadi kooni. Likasita hapo.

"Nimemsamehe," alisema.

Takbiri ilipita chumbani kwa sauti ya chini. Fundi alifunika uso kwa kofia, mabega yakamtikisika, na jirani wa ukuta mmoja akasema kwamba mwanamke wa namna hii pepo inamngoja yeye, si yeye anayeingoja pepo. Msusi alilishusha sinia chini, taratibu.

"Nani aongezewe chai?" aliuliza. Akaingia chumbani kwake, na sauti ya sanduku likiburutwa kutoka uvunguni ikasikika, wala hakuna aliyeijali.

Saa ya maziwa ilifika kabla wageni hawajaondoka. Fundi alijifuta macho, akasogea karibu na kitanda kwa mara ya kwanza tangu wodini, akanyoosha mkono kuelekea bomba.

"Nionyeshe," alimwambia mkewe. "Wamesema hii haina kosa, hata mtoto mdogo anaiweza. Nimimine mimi leo."

Wanawake walijongea watazame. Mama Kinda alilichukua bomba mkononi mwake kabla halijaguswa, akalichomeka kwenye mpira, akaliinua juu, mahali ambapo wote wangeliona.

"Acha," alisema kwa upole. "Amezoea mkono wangu."